Uliza Ujibiwe: Msuko, Wahusika na Mkate wa Wishwa

Barua zilizofika mezani mwezi huu zimenishangaza kwa kufanana. Wanafunzi, mwalimu, mzee mmoja wa Unguja na mwandishi anayeanza, kila mmoja kwa njia yake, wanauliza juu ya msuko wa hadithi na aina za wahusika. Nimechagua tano nikaziweka pamoja, na ili tusirukeruke kutoka kitabu hiki hadi kile, mifano yangu mingi nitaitoa katika kisa ambacho karibu kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili amekutana nacho: kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya kale ya pwani ya Waswahili, kama alivyokisimulia Muhamadi Kijumwa wa Lamu katika utenzi wake wa mwaka 1913. Najua utenzi si riwaya, na najua yuko mwalimu ambaye tayari ameshika kalamu kunikumbusha hilo. Hata hivyo, mtunzi wa utenzi wa kisa ana kazi ile ile ya mtunzi wa riwaya, nayo ni kumfanya msikilizaji atamani kujua kitakachofuata na, kikishafuata, akubali kwamba kilistahili kufuata.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro. Tuliambiwa tueleze msuko wa kisa cha Fumo Liyongo. Niliandika kurasa tatu, nikaeleza kila kitu tangu mwanzo mpaka Liyongo anapofia kisimani, nikapata alama sita kwa ishirini. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umesimulia, hujaeleza msuko." Kwani msuko si ndiyo hadithi yenyewe?*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hakukosea, ingawa angekusaidia zaidi kama angeongeza sentensi moja ya kukuonyesha njia.

Hadithi, au kisa, ni matukio jinsi yalivyofuatana kwa wakati: lilitokea hili, halafu lile, halafu jingine. Msuko ni matukio hayo hayo yakiwa yamefungamanishwa kwa sababu na matokeo, na yakiwa yamepangwa kwa utaratibu alioutaka mtunzi, ambao si lazima ulingane na kalenda. Mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, alitoa mfano ambao walimu wameurudia hadi umechakaa: mfalme alifariki kisha malkia akafariki, hicho ni kisa, mfalme alifariki kisha malkia akafariki kwa majonzi, huo ni msuko. Yameongezwa maneno mawili tu, lakini sasa kifo cha pili kimefungwa kwenye kifo cha kwanza, na msomaji hawezi tena kuvitenganisha.

Tuje kwa Liyongo. Nadhani uliandika hivi au karibu na hivi: "Liyongo alifungwa gerezani. Mama yake alimpelekea mkate wenye tupa. Watu walicheza ngoma. Liyongo alikata minyororo akatoroka." Hakuna uongo hapo, ila kati ya sentensi na sentensi hakuna kinachozishikamanisha isipokuwa "halafu". Sasa tazama mtunzi mwenyewe alivyofanya. Chakula kizuri alichopika mama kilikuwa hakimfikii mfungwa, kwa kuwa walinzi walikila wao. Tabia hiyo ya walinzi, ambayo msomaji wa haraka ataipita kama jambo dogo la kusikitisha, ndiyo inayofungua gereza. Liyongo anampa Saada, kijakazi anayeleta chakula, ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, na katikati yake aweke tupa. Kwa nini wishwa? Kwa sababu wishwa ni makapi ya nafaka, na mlinzi aliyezoea kula vinono vya mfungwa hataugusa mkate wa makapi, atauacha upite. Ulafi ule ule uliomnyima Liyongo chakula ndio unaompitishia tupa. Lakini tupa ina sauti, na chuma kikikerezwa usiku kitamfichua. Kwa hiyo Liyongo, alipoulizwa anatamani nini kabla ya kuuawa, anaomba ichezwe ngoma ya gungu, na huko nje ngoma zikivuma na watu wakiitikia, yeye ndani anakereza pingu zake.

Ondoa ulafi wa walinzi uone: mkate wa wishwa unabaki kuwa chakula kibaya tu. Ondoa mkate, na ngoma inakuwa starehe ya mtu anayekaribia kufa. Hivyo ndivyo ninavyoupima msuko. Ninachomoa tukio moja na kuhesabu mangapi yanaanguka pamoja nalo, na lisipoanguka hata moja, najua lile lilikuwa pambo. Neno lenyewe linatufundisha hivyo, kwani msuko ni zao la kusuka. Aliyewahi kumwangalia bibi akisuka ukili anajua kwamba kila mwaa hupita juu ya mwenzake na chini ya mwingine, na kwamba ukikosea mwaa mmoja, kosa halionekani pale ulipokosea. Huonekana mbele, ukili ukishaanza kupinda, na wakati huo dawa ni kufumua.

Utakaporudia zoezi lako, jilazimishe kuandika "kwa kuwa", "ndiyo maana" au "lakini" kila mahali unapotaka kuandika "halafu". Palipogoma, ama hujaelewa kisa, ama mtunzi mwenyewe hakusuka, na yote mawili ni mambo ya kuandikia insha. Kurasa tatu zitapungua, na alama, naamini, hazitabaki sita.

*Mhariri, nafundisha Kiswahili katika shule ya upili huku Bungoma, na istilahi zinanitia kizunguzungu. Kitabu kimoja kinasema ploti, kingine msuko, kingine muundo. Kwa wahusika ndiyo balaa kabisa: bapa, duara, bapa sugu, bapa kielelezo, shinda, foili, mkinzani, nguli. Je, ipo orodha moja rasmi ambayo naweza kuwapa wanafunzi wangu?*

Mwalimu mwenzangu, orodha hiyo haipo, na kama ingekuwapo ningekushauri usiwape.

Ploti na msuko ni kitu kimoja. La kwanza limekopwa na la pili ni la kwetu, nami nalipenda la pili kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Muundo, hasa unavyofundishwa Tanzania, hugusa zaidi umbo la nje la kazi, yaani namna ilivyogawanywa na namna inavyokwenda katika wakati. Huko husemwa kwamba muundo ni wa msago pale ambapo matukio yanakwenda moja kwa moja, ni wa rejea pale ambapo simulizi inaanzia mbele na kurudi nyuma, na ni wa rukia pale ambapo visa viwili vinakwenda sambamba vikipokezana. Mwanafunzi wako akiandika "kisengere nyuma" na wa Tabora akaandika "mbinu rejeshi", wote wawili wameona kitu kile kile.

Kuhusu wahusika, kizunguzungu chako kina sababu nzuri: orodha hizo huchanganya maswali matatu kana kwamba ni moja. Swali la kwanza ni la nafasi, yaani kisa hiki ni cha nani, na hapo ndipo tunapopata mhusika mkuu, au nguli, na wahusika wadogo wanaomzunguka. Swali la pili ni la uhusiano, yaani nani anasimama kinyume cha nani, na hapo ndipo alipo mkinzani. Swali la tatu ni la ujenzi, yaani mtu huyu ameumbwa kwa sifa ngapi na je, anabadilika, na hapo ndipo walipo bapa, aliyejengwa kwa sifa moja, na duara, mwenye sifa nyingi anayeweza kubadilika. Mtu mmoja anaweza kujibu maswali yote matatu kwa pamoja. Mtawala wa Pate anayetaka Liyongo afe ni mkinzani kwa uhusiano na ni bapa kwa ujenzi, kwa kuwa tangu aingie hadi atoke anataka jambo moja tu. Mwanafunzi anayedhani lazima achague kati ya "mkinzani" na "bapa" hana kosa. Ameonyeshwa kabati lenye rafu tatu akaambiwa ni moja.

Bapa sugu ni yule asiyebadilika hata dunia ipinduke, na bapa kielelezo ni yule ambaye jina lake limekwisha kumsema kabla hajafungua kinywa, kama Waziri Majivuno anayemshtaki Karama katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Shinda ndilo neno ninalolionea wivu, kwa sababu laiti lingekuwa langu. Mtungi wenye maji shinda ni mtungi usiojaa na usio mtupu, na mhusika shinda ni hivyo hivyo: ana uhai kuliko bapa lakini hafiki duara, na aghalabu tunamwona kwa msaada wa mtu mwingine anayeandamana naye. Vitabu vingi humwita pia foili, ingawa foili kwa asili yake huko ilikotoka ni mtu anayewekwa ubavuni mwa mwingine ili tofauti yao imng'arishe yule wa kwanza. Ukilazimika kuwaeleza wanafunzi, waambie kwamba shinda anajibu swali la ujenzi na foili anajibu swali la uhusiano, na kwamba mara nyingi, si mara zote, mtu huwa ni yule yule.

*Mwanangu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa Unguja, nasoma jarida lenu kwa kuazima. Mjukuu wangu karudi skuli kaniambia kwamba Sungura wa ngano ni mhusika bapa, na kwamba bapa ni mtu ambaye hakukamilika, kaumbwa na mtunzi dhaifu. Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni, naye kaingizwa humo humo. Nikamjibu kwamba Sungura kaishi kuliko mwalimu wake na ataendelea kuishi. Nani kati yetu mwenye haki?*

Waalaykumu salaam, na shikamoo mzee wangu. Haki mmegawana, lakini fungu lako ni kubwa.

Mhusika bapa ni yule aliyejengwa juu ya wazo au sifa moja, hata ukaweza kummaliza kwa sentensi moja bila kumdhulumu. Fisi ni tamaa. Sungura ni mdogo wa umbo mwenye akili za kuwazidi wakubwa. Ni kweli kwamba hawabadiliki, lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mtunzi wao alikuwa dhaifu ni kuruka bonde pana mno. Msimuliaji wa ngano ana muda mfupi kabla watoto hawajaanza kusinzia, naye hawezi kuutumia kueleza utoto wa Fisi na majeraha ya moyo wake. Akishasema tu kwamba Sungura na Fisi walikubaliana kulima shamba pamoja, kila mtoto pale barazani ameanza kutabasamu, kwa sababu anajua nani atalima na nani atakula. Utamu wa ngano hautoki katika kujua nani atashinda. Unatoka katika kungoja kuona safari hii atashinda vipi. Ukimpa Sungura majuto, ukamfanya alale macho usiku akijiuliza kama alimtendea haki Fisi, utakuwa umeandika hadithi nyingine, labda nzuri, lakini ngano utakuwa umeiua.

Mrusi Vladimir Propp aliliona jambo hili kwa njia yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1928 alizichambua ngano za kwao akakuta kwamba waigizaji hubadilika, leo mfalme, kesho ajuza, lakini vitendo vinavyosukuma kisa ni vile vile, naye akavihesabu vikafika 31. Kwake mhusika wa ngano ni kazi anayoifanya. Simfuati kila mahali, kwa kuwa Sungura wetu ni zaidi ya kazi, ana sauti na ana mwendo, lakini juu ya hili la bapa kutokuwa kasoro nakubaliana naye kabisa.

Bwana Msa ni mfano bora zaidi, kwa sababu yeye hakutoka barazani, alitoka katika kalamu ya Mohamed Said Abdulla, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* yake ilichapwa mwaka 1960. Anaingia na kiko chake na utulivu wake, na anatoka navyo. Katika hadithi ya upelelezi kinachotakiwa kusogea ni ukweli: maiti inakuja kwanza, na msuko unatembea kinyumenyume kutafuta mkono ulioua. Katika safari ya namna hiyo msomaji anahitaji nguzo moja isiyotikisika ya kushikia, na mpelelezi ndiye nguzo hiyo. Sahibu yake Najum, anayeona yale yale anayoyaona Msa bila kuyaunganisha, ndiye shinda niliyemtaja kwa mwalimu wa Bungoma. Tunamcheka kidogo, huku tukijua kwamba sisi wenyewe tuko upande wake.

Sasa fungu la mjukuu. Mtunzi anapotaka kutuonyesha jinsi mtu anavyogeuka kuwa mtu mwingine, bapa hatamfaa. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, angekuwa binti mtiifu tu, kusingekuwa na riwaya. Angekuwa binti aliyepotea tu, ingekuwa hotuba. Riwaya imo katika njia inayotoka nyumbani kwa baba mkali hadi shuleni na mbele zaidi, na katika kutufanya tuone kwamba ukali uliokusudiwa kumlinda ndio uliomwacha bila kinga. Kipimo cha Forster kwa mhusika duara ni kwamba aweze kutushangaza, na mshangao huo utushawishi. Asiposhangaza kamwe, ni bapa. Akishangaza tusimsadiki, ni bapa aliyevishwa nguo za kuazima, na huyo, mzee wangu, ndiye anayestahili lawama ambazo mjukuu amemtupia Sungura.

Niruhusu niongeze jambo moja ambalo mjukuu wako anaweza kulipeleka darasani. Kwa sehemu kubwa ya kisa chake, Liyongo ni bapa: shujaa, mpiga mshale, mwerevu kuliko adui zake. Wanapanga wapande mikoma, miti mirefu yenye matunda yaitwayo koma, kwa zamu ili zamu yake ikifika wamlenge akiwa juu. Yeye anaziangusha koma kwa mishale, habandui mguu wake chini. Hatushangai, ndivyo alivyo. Kisha anakuja mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa makuu na mtawala, anamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anatambua kwamba kijana amedanganywa. Na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mtu aliyeinusa hila ya mikoma na aliyewapumbaza walinzi wa gereza anaiona hila hii waziwazi na anaifungulia mlango mwenyewe.

Kwa nini? Mimi naamini kwamba alipendelea kufa kuliko kumnyima mwanawe jibu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, anashikilia kwamba ni kiburi, kwamba Liyongo hakuamini kuwa mtoto wake angethubutu. Tumebishana juu ya hili kwa miaka, mara nyingi juu ya kahawa iliyokwisha kupoa. Juu ya Sungura hatujawahi kubishana hata siku moja, na hiyo ndiyo tofauti ya bapa na duara kwa namna ninavyoielewa.

*Nasoma chuo kikuu Dodoma. Mhadhiri wetu huchora piramidi ubaoni: utangulizi, kukua kwa mgogoro, kilele, kushuka, suluhisho. Je, ni lazima kila riwaya ya Kiswahili iwe na piramidi hiyo?*

Si lazima. Mchoro huo ni wa Mjerumani Gustav Freytag, aliyeuweka kitabuni mwaka 1863 alipokuwa akichambua tamthilia, hasa zile za matendo matano, na haukukusudiwa kuwa kanzu ya kuvalishwa kila mtu. *Kusadikika* niliyoitaja juu haiingii humo. Karama anasimama barazani siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa upande mmoja wa dunia, akarudi na heri, akalipwa kifungo. Hakuna mlima hapo. Kuna pigo lile lile linalorudiwa mara sita mahali pale pale, na nguvu yake imo katika kurudiwa. Kezilahabi naye, alipofika *Nagona* mwaka 1990, aliuacha hata mfuatano wa kawaida wa matukio, na anayetafuta kilele mle atachoka bure.

Piramidi ina faida moja, nayo ni kukulazimisha uamue mgogoro unageukia wapi. Wanafunzi wengi huweka kilele cha kisa cha Liyongo pale sindano inapochoma, kwa sababu damu huvuta macho. Mimi nakiweka kwenye mazungumzo ya baba na mwana. Pale ndipo jambo lilipoamuliwa, na sindano ilikuja kutekeleza tu. Kisha linafuata lile ambalo katika piramidi lingeitwa "kushuka", nalo kwa kweli ndilo linalotisha kuliko yote: Liyongo aliyejeruhiwa anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anakata roho katika hali hiyo hiyo, na mji mzima unakaa na kiu kwa kuogopa maiti. Mchoro wa ubaoni unasema kwamba hapo msisimko unapungua. Jisomee mwenyewe uone kama unapungua.

*Mhariri, hujambo? Naandika kutoka Mombasa. Nimetunga hadithi fupi juu ya Riziki, msichana mwenye duka la nafaka Kongowea, ambaye kaka yake anauza nyumba ya marehemu baba yao kwa siri. Nimeambatisha kurasa zote sita. Wenzangu wanasema Riziki ni kikaragosi. Aya yenyewe wanayoilalamikia ni hii: "Riziki alipogundua kwamba nyumba imeuzwa, alikasirika sana. Siku zote alikuwa mtu wa hasira asiyesahau deni. Lakini ghafla aliamua kumsamehe kaka yake, kwa sababu alikumbuka kwamba damu ni nzito kuliko maji." Nifanye nini?*

Sijambo, dada yangu, na asante kwa kurasa zako, ambazo nimezisoma mara mbili. Wenzako wana hoja, ila neno kikaragosi ni kali kuliko ulivyostahili.

Linalokushtaki ni neno "ghafla". Mtunzi huliandika neno hilo pale ambapo msuko unadai jambo ambalo mhusika hajawa tayari kulifanya. Ulihitaji hadithi iishe kwa msamaha, Riziki hakuwa mtu wa kusamehe, basi ukamsukuma kwa methali. Methali ni ya watu wote, na ndiyo sababu haiwezi kueleza kwa nini mtu huyu mmoja, siku hii moja, alifanya alivyofanya. Kama Kijumwa angeandika kwamba Liyongo "ghafla" alimwambia mwanawe siri ya sindano, tusingekuwa tunabishana hadi leo.

Ajabu ni kwamba dawa unayo mwenyewe, umeiacha kwenye ukurasa wa pili. Umetuambia pale kwamba Riziki huandika kila kitu katika daftari la madeni alilolirithi, na katika sentensi moja uliyoipita haraka umetaja kwamba kaka yake ndiye aliyemlipia Riziki karo wakati baba yao alipougua. Hasira yake na msamaha wake vyote vimo ndani ya daftari hilo. Huhitaji kumbadilisha tabia. Mwache abaki mtu asiyesahau deni, kisha mwonyeshe deni ambalo alikuwa hajalihesabu. Nimejaribu aya moja, si ili uinakili bali uone ninachokisema:

"Riziki alilifungua daftari, akaandika jina la kaka yake, tarehe, na bei ya nyumba. Kalamu ikasita kwenye safu ya malipo. Alifunua nyuma, hadi kurasa za mwaka aliokuwa kidato cha pili, zenye mwandiko wa kaka yake uliolala upande: karo, sare, nauli ya matatu, viatu, karo. Alijumlisha mara mbili. Jumla haikufika hata nusu ya bei ya nyumba. Akaiandika ilivyo kwenye safu ya malipo, akalifunga daftari, akaenda kubandika chai ya watu wawili."

Utaona kwamba neno "kusamehe" halimo, wala sijui kama amesamehe. Nyumba bado imeuzwa na hesabu bado haijatimia, na yeye anajua. Lakini mtu aliyebandika chai ya wawili amefanya jambo ambalo Riziki wa ukurasa wa kwanza asingelifanya, na amelifanya kwa tabia yake ile ile ya kuhesabu.

Jambo la mwisho ni kaka. Katika kurasa sita zote ametokea mara moja tu, ukurasa wa nne, anapopita dukani, anaagiza kilo mbili za maharagwe ya njano, anasahau chenji na kuondoka. Umemtumia kama mwizi tu na ukamaliza naye. Ningekuomba umrudishe pale kaunta, umwache asimame muda kidogo zaidi ya anavyohitaji, na umpe jambo moja la kusema ambalo halihusiani na nyumba wala fedha. Ukishaandika upya, nitumie ukurasa huo kwanza, kwa sababu nashuku kwamba hadithi yako inaanzia hapo kwenye chenji aliyoisahau.